Karai la Bi Lurdes

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Troyeville aliniletea jani ndani ya mfuko wa plastiki, akataka nimwambie ni la mmea gani. Mtaani wananidhani mtaalamu wa bustani. Sikusomea. Nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa kuua mimea mingi. Nilifungua ule mfuko, na kabla sijalitazama jani, harufu ikanifikia: karanga zilizooza, panya aliyefia nyuma ya kabati, na kwa mbali utamu unaokera, kama sharubati iliyochacha. Nikakaa kwenye ngazi.

"Kwani ni sumu?" jirani akauliza, akirudi nyuma hatua mbili.

Ilikuwa elda fupi, mmea wa Ulaya, ile isiyokuwa mti, inayoishia kifuani mwa mtu mzima. Jina lake la Kiswahili silijui, na nimelitafuta sana. Kwetu pwani haimei. Jioni ile nilimwandikia jirani ujumbe mrefu kuhusu matatizo ya kuipanda. Kwamba inatambaa chini kwa chini na kuzuka usipoitaka. Kwamba ukikata mzizi, kila kipande kinakuwa mmea. Kwamba matunda yake meusi hayaliwi, na watoto wachungwe. Kwamba vidukari hujaa kwenye machipukizi mwanzo wa joto, na ukiibana kivulini kwenye udongo mkavu majani hupata ubwiri, kama yamenyunyiziwa unga. Niliusoma ujumbe ule mara sita kabla ya kuutuma, nikasahihisha koma. Tatizo moja sikuliandika, kwa sababu halikuwa la mmea. Lilikuwa langu. Nawaambieni nyinyi.

Nilikuwa na miaka tisa, na ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Johannesburg. Baba alitangulia kutoka Tanga, akatafuta kazi kwenye duka la vitambaa Fordsburg, kisha akatuita mimi na mama. Tulipanga chumba cha uani Rosettenville, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mzee wa Kireno aliyeitwa Bi Lurdes. Mama naye alipata kazi ya kushona hukohuko Fordsburg. Walitoka asubuhi pamoja, wakarudi jioni pamoja, na katikati yake kulikuwa na saa nyingi ambazo hazikuwa na mtu.

Shuleni sikuwa na lugha. Kiingereza changu kilikuwa cha daftarini, na Kizulu nilikijua neno moja tu, la salamu, nalo nililisema vibaya hata wakaniomba nilirudie ili wacheke vizuri. Nikaacha kulisema. Nilikuwa mtoto ambaye akikosea herufi moja huchana ukurasa mzima na kuanza upya. Daftari zangu zilikuwa nyembamba kuliko za wenzangu wote. Mtoto wa namna hiyo hajifunzi lugha haraka, kwa sababu lugha haina ukurasa wa kuchana. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikihesabu vigae vya njia, nikafungua geti, nikakaa kwenye ngazi ya chumba chetu kumsubiri mama.

Siku ya tatu au ya nne, sauti ilitoka jikoni kwenye nyumba kubwa. "Weye mtoto! Mbona kaa pale kama mzigo? Umekula?"

Nilidhani nimeota. Bi Lurdes alitoka nje na aproni yake, mfupi, mwenye vifundo vya miguu vilivyovimba, akanieleza kwa Kiswahili kilichovunjika kila mahali lakini kilichosimama. Alikaa Pemba, Msumbiji, miaka kumi na minane, zamani, marehemu mumewe akiwa na duka. Kiswahili alikipata kwa wateja. Hakukitumia miaka mingi, na alikuwa na njaa nacho kama mimi. Hebu fikirini: katika mtaa mzima ule, wa kwanza kuniita mtoto kwa lugha yangu alikuwa Mreno. Nilimwamkia "shikamoo", naye akaitikia "marahaba" kwa fahari, kama mtu aliyepata jibu la mtihani.

Tangu siku hiyo nikawa wa jikoni kwake. Alinipa mkate na supu ya majani ya kijani aliyoyapanda mwenyewe, aina ya sukuma yenye majani marefu, iliyosimama kwa mistari katikati ya uwanja. Na karibu na bomba, ndani ya karai kubwa la bati lililofukiwa ardhini hadi ukingoni, ulikuwepo mmea wake mwingine, ule wa kunuka. Yeye aliuita engo. Kijijini kwao, mama yake alitandaza majani yake ghalani kufukuza panya, akayachemsha kwa kuloweka miguu iliyochoka. Mzizi alikuja nao kutoka kwao ukiwa umeviringishwa kwenye leso, ukavuka mipaka yote bila kibali wala foleni. Baba aliposikia hilo alitikisa kichwa. "Bora ningezaliwa mzizi," alisema.

Mpangaji mwingine pale uani, Mama Furaha, msusi kutoka Lubumbashi, hakuupenda hata kidogo. "Bibi, ile majani yako inanuka sawa soksi ya soda," alikuwa akimwambia, akibana pua. Soda, kwa Kiswahili cha kwao, ni askari.

"Na nywele yako ya plastiki unachoma ile, inanuka maua?" Bi Lurdes alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Mimi niliupenda. Nilifundishwa kazi zake, na kazi ilikuwa ndiyo lugha niliyoiweza. Kubana vidukari kwa vidole. Kumwagia maji jioni. Kutembeza kidole kuzunguka ukingo wa karai kila Ijumaa, kuhakikisha hakuna mzizi unaotoroka. "Huyu mjanja," alisema. "Yeye taka dunia yote." Matunda yalipoiva, meusi na kung'aa, alinifunga glavu, tukayakata yote na kuyatupa, akinitisha kwa kushika tumbo lake na kugeuza macho. Nilifanya kila kitu sawasawa. Wakati mwingine alinitazama nikifuta jani moja moja kwa kitambaa, akasema, "Zuhura, hii majani, si sahani." Lakini hakunikataza.

Mwezi wa tano binti yake alikuja kumchukua kwenda Durban kufanyiwa upasuaji wa macho. Alisema atakaa wiki saba hivi. Asubuhi ya kuondoka aliniwekea funguo ya geti la mbele mkononi, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Engo yangu, mimi acha kwako."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye alinikalisha kitandani, uso wake ukiwa ule wa mambo ya dini. "Umesikia? Hiyo ni amana. Mtu akikuwekea kitu, unakirudisha kama alivyokupa. Amana si mchezo." Alitaka nijivunie. Mimi sikulala vizuri tangu usiku ule.

Kuna jambo moja Bi Lurdes hakuniambia, na hakuniambia kwa sababu kwake halikuwa jambo. Ni kama mtu kukueleza kwamba jua litazama. Engo hufa juu kila kipupwe. Majani yote hudondoka, mashina hunyauka, na mmea hulala chini mpaka joto lirudi. Kila mtoto wa kijijini kwao alilijua hilo. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Tanga. Kwetu mmea ukiwa mweusi umekufa, na aliyekabidhiwa ndiye aliyeuua.

Ilitokea mwanzoni mwa mwezi wa sita. Niliamka, nikaona nyasi zote nyeupe, umande umeganda juu yake, na chini ya bomba kipande cha barafu chenye umbo la ulimi. Engo ilikuwa imeinama yote. Majani yalikuwa meusi, malegevu, kama matambara ya jikoni. Niliyagusa yakateleza. Jana yake jioni nilikuwa nimelimwagia karai maji, ndoo nzima badala ya nusu, kwa sababu siku mbili kabla nilisahau, nikataka kufidia. Kwa hiyo nilijua nani aliyeua na kwa silaha gani.

Nilijaribu kila kitu. Nilimimina maji ya vuguvugu. Usiku niliufunika kwa kanga ya mama, naye akaitafuta siku tatu, akimshuku Mama Furaha kwa macho tu. Niliusomea. Mashina yakaanguka moja baada ya lingine. Mchana mmoja nikiwa peke yangu nilichukua kijiko kikubwa nikachimba kuangalia kama kuna uhai chini, nikakuta mizizi minene, myeupe, iliyoviringana ndani ya karai kama utumbo wa mbuzi. Kwangu weupe ule ulikuwa wa maiti.

Hapa ndipo ningeweza kwenda kwa mama. Alikuwa na msemo wake wa tangu Tanga, mficha maradhi kifo humuumbua, na aliusema kila nilipoficha hata jino linalouma. Niliusikia kabisa kichwani. Lakini nilikuwa naona tayari uso wake ukibadilika, uso wa mtu aliyelea mtoto asiyetunza amana, na uso wa Bi Lurdes, na jiko lile likinifungia mlango. Sikuweza. Nikaamua kwamba kama mmea umekufa, basi uzikwe, na aliyeua asijulikane.

Nilitoa mizizi yote. Nilileta kisu cha mama cha kumenyea mihogo na ubao, nikaikata kama mama anavyokata mihogo ya futari, vipande vilivyo sawa, kila kimoja urefu wa kidole changu cha shahada. Vilivyopungua urefu nilivitenga. Kisha nikavizika uwanja mzima, kimoja kimoja, ili pasiwe na rundo la kumshtua mtu: kati ya mistari ya sukuma, kandokando ya ukuta, chini ya kamba ya nguo. Nilipima kwa nyayo, hatua mbili, kipande. Hatua mbili, kipande. Kwa kila safu nilisoma Fatiha moja. Nilipomaliza nikasawazisha udongo wa karai, nikafagia uwanja kwa chelewa mpaka mistari ya ufagio ikanyooka. Nililala usingizi mzito usiku ule, kwa mara ya kwanza.

Bi Lurdes alirudi mwezi wa saba na miwani mikubwa myeusi. Nilimsikia binti yake akishusha mizigo. Kisha nikaisikia sauti yake uani. "Zuhura! Uko wapi, mwanangu? Njoo ona macho mpya!"

Nilikuwa chini ya kitanda. Vumbi la huko nalikumbuka, na pini moja ya mama iliyokuwa imeanguka. Aliita mara tatu. Kisha nikasikia ndala zake zikirudi ndani polepole.

Kesho yake niliacha funguo ya geti kwenye dirisha la jiko lake kabla hajaamka. Nilianza kupita ujia wa pembeni, ulio na mapipa ya taka, ili nisionekane. Nikitoka shule nilijifungia chumbani. Mama alipogundua alinikaripia. "Mtoto gani asiyemsabahi mtu mzima? Amekufanya nini?" Nikawa namwamkia kwa mbali, "shikamoo Bibi", mbio kabla ya marahaba. Nilingoja kila siku aseme habari ya karai. Hakusema. Niliona anajua, na ananipa muda nijilete mwenyewe, na hilo lilinitisha zaidi.

Ukweli ni kwamba hakuwa amelitazama. Kipupwe, karai tupu, angetazama nini?

Alasiri moja ya mwezi wa nane, siku aliyowahi kurudi mama, niliwasikia wakiongea kwenye ngazi ya jiko. Mama alikuwa anamrudishia bakuli. Bi Lurdes akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Zuhura, mimi kosea nini huyu mtoto?"

"Hujamkosea lolote, Bibi. Anakua tu, siku hizi ana mambo yake."

"Eeh. Anakua."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la dirisha. Nilitakiwa nitoke. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonizuia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na hatua zilikuwa kumi. Nadhani nilikwisha kuwa hodari. Kuficha nako ni kazi, na mimi kila kazi niliifanya sawasawa.

Mvua za kwanza zilinyesha mwishoni mwa mwezi wa tisa, usiku, kwa radi. Baada ya siku kadhaa, Jumamosi asubuhi, Mama Furaha alitoka kuanika taulo zake za saluni. Tukasikia kelele.

"Yesu wangu! Nani alipanda hii kitu? Muje muone! Inasimama laini, sawa masoda!"

Nilitoka na mama. Ilikuwa kama alivyosema. Vichipukizi vya kijani kibichi, vinene, vilikuwa vimetokeza uwanja mzima, kati ya sukuma, kandokando ya ukuta, chini ya kamba, hatua mbili kwa mbili, safu kwa safu, zimenyooka kama safu za msikitini siku ya Idi. Kama ningelikuwa mtoto mzembe, labda watu wangelaumu ndege au upepo. Hakuna ndege anayepanda kwa mstari. Mama alizitazama safu, akanitazama mimi. Aliijua kazi ya mikono yangu.

Bi Lurdes alitoka na aproni. Aliinama, akaponda jani, akanusa. Akatembea mpaka kwenye karai, akatazama mle ndani. Kisha akarudi, akasimama mbele yangu.

Nilisema yote kwa pumzi moja, nikilia, ndoo nzima badala ya nusu, barafu, kanga, kisu, Fatiha. Mama Furaha hakuelewa nusu yake, lakini aliposikia habari ya kanga alisema "aah!" kwa nguvu, akamkazia mama macho. Bi Lurdes alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akavua miwani akafuta macho yake mapya. "Wewe zika! Wewe somea! Zuhura, huyu hafi! Baridi, yeye lala. Joto, yeye amka. Kila mwaka!"

Nilianza kucheka na mimi, kwa kwikwi. Ndipo akaacha. Akawa anahesabu kitu kichwani, midomo ikicheza.

"Toka mwezi wa sita?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hii tu? Wewe hapana kuja kwangu, kwa hii tu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya jiko, mikono juu ya magoti, akitazama zile safu zilizojaa uhai kwenye mboga yake. "Mimi fikiri umenichoka," alisema.

Tuliing'oa pamoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, naye akinifundisha kuufuata kila mzizi kwa vidole mpaka ncha, bila kuukata. Sukuma yake iliharibika yote. Nilirudi jikoni kwake, nikala supu ya maharage badala ya ya majani. Nilidhani mambo yamerudi yalivyokuwa. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili nilipoona maboksi sebuleni kwake, na bango la kuuza nyumba likipigiliwa getini. Anahamia Durban kwa binti yake, nikaambiwa. Nililia sana, lakini nililia kama watoto wanavyolilia mvua: kitu kilichotoka juu, kisicho na mwenyewe.

Sisi tulihama kabla mnunuzi hajaingia. Kadi moja ilitufikia kutoka kwake, kisha hapana.

Miaka mingi ilipita. Mwaka juzi nilikuwa namsaidia mama kuchambua mchele, tukizungumza habari za nyumba zote tulizopanga, nikamtaja Bi Lurdes na zile safu, nikitegemea tucheke. Mama alicheka kidogo. Kisha akaniambia bila kuinua macho kwenye ungo, "Unajua binti yake alikuwa akimbembeleza ahamie kwake tangu ule upasuaji. Akakataa. Alinambia aliporudi, amewaambia huko Durban kwamba hawezi, ana mtoto anamsubiri nyumbani. Mwezi wa nane ndio akakubali. Akawapigia simu."

Mwezi wa nane. Kabla ya mvua. Wiki ngapi baada ya ile alasiri ya ngazini, mama hakukumbuka, na mimi sikumhimiza.

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa mtoto," mama alisema. "Ningekwambia ili iwe nini?"

Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Najua watu wazima huamua mambo kwa sababu nyingi: miguu yake ilikuwa imevimba, nyumba ilikuwa kubwa, binti alikuwa mmoja. Sijitwishi yote. Lakini najua pia kwamba nilikabidhiwa vitu viwili asubuhi ile, nikakiona kimoja. Mmea usingeniuliza lolote. Ungekaa gizani hata miezi minne, ukatwe, uzikwe, usomewe, na bado uamke. Yule aliyeniita uani mara tatu alisubiri wiki chache, akaamini alichokiona, mlango uliofungwa, akaanza kufunga mizigo.